Kidole Kabla ya Maneno

Juma lililopita kijana anayeuza laini za simu hapa mtaani Saio alinisukumia karatasi. "Mama, tia saini hapa chini, iko formalité tu." Nikamwambia anisomee. Akasoma mstari wa kwanza, akataka kukomea hapo. Nikamwambia aendelee mpaka chini kabisa. Nyuma yangu foleni ikaanza kuguna, na mwanamke mmoja mwenye ndoo ya samaki wa Kasenyi akauliza kwa sauti, "Huyu mama alikuwaka avocat?"

Hapana, sikuwa wakili. Nilikuwa karani wa ofisi ya upelelezi hapahapa Bunia, kwa miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu. Ofisi yenyewe siitaji, mjini mmejaa wambeya. Kazi yangu ilikuwa kuandika pévé, yaani zile karatasi zinazobeba maneno ya mtu aliyekamatwa, ambazo mwishoni yeye mwenyewe anatia saini, au kidole kama hajui kuandika. Basi nyinyi makarani wapya mliomaliza masomo mwaka huu, mnaokuja kwangu na kompyuta mgongoni kuniomba "siri za kazi", kaeni chini. Siri ninazo mbili tatu. Moja inaniaibisha, na hiyo nitaichelewesha kidogo, kama nyinyi mnavyochelewa kazini.

Kazi nilifundishwa na mzee Anselme, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Wakati huo tulipiga taipureta ya chuma iliyokuwa na kelele kama mashine ya kusaga mihogo. Mzee Anselme alikuwa na desturi iliyotuchosha sote: kila pévé aliisoma kwa sauti mbele ya mwenyewe, akiigeuza kutoka Kifaransa hadi Kiswahili, na kama mtu hasikii Kiswahili vizuri, alitoka mwenyewe kwenda sokoni kumtafuta mtu wa lugha yake. Akishamaliza kusoma aliuliza, "Uko na kitu ya kuongeza?" Kisha alivua miwani na kuifuta. Sijaona kioo kilichofutwa sana kama kile. Ilinichukua miaka kugundua kwamba miwani haikuwa na uchafu wowote. Alikuwa anampa mtu nafasi, maana neno zito hutoka pale mtu anapodhani mazungumzo yamekwisha.

Baada ya hapo ndipo alipotoa kibweta cha wino. Kidole kilikuwa cha mwisho, siku zote. Na chini kabisa ya karatasi kulikuwa na sentensi moja ya Kifaransa ambayo maana yake ni: amesomewa, amekubali, ametia saini.

Sisi wadogo tulimcheka. Mimi hasa, kwa kuwa nilipiga taipureta haraka kuliko wote, na mwenye haraka hujiona ana akili. Zilipoletwa kompyuta nikawa malkia. Nilikuwa nachukua pévé ya jana, nafuta maneno ya katikati, naweka ya leo. Siku moja tulimhoji mchungaji mmoja kuhusu ugomvi wa kiwanja. Mzee Anselme akaanza kumsomea nilichoandika: jina lake, umri wake, "kazi yake, mwenye baa, anakiri kuwa alikuwa amelewa tangu asubuhi." Mchungaji akaruka kitini. "Mi? Mi niko na baa?" Nilikuwa nimesahau kufuta maneno ya mtu wa jana. Mzee Anselme hakunigombeza. Alivua tu miwani akaanza kuifuta, akinitazama mimi. Mchungaji alicheka mwisho, lakini kusanyiko lake nadhani lisingecheka.

Haya, andikeni basi, naona mmetoa madaftari. Mtu asomewe maneno yake kabla ya kidole. Nilifundishwa hivyo, nilijua, na bado nikafanya nilichofanya.

Mzee Anselme alistaafu, akafariki. Miaka ikapita, kisha mkoa wetu ukawekwa chini ya jeshi. Sababu hamhitaji kuambiwa, wengi wenu mmezika. Watu walikuwa wanauawa mashambani na barabarani, na sheria ikawa kali: mtu wa kawaida akishukiwa kusaidia magaidi wa msituni, wale wanaojiita Waislamu, faili lake linakwenda kwa hakimu wa jeshi, na huko anaweza kupewa kifo. Mimi sikulaumu sheria hiyo. Mpwa wangu alifika mlangoni kwangu na watoto watatu na godoro moja, na mume hakufika mpaka leo. Nilitaka wauaji wakamatwe. Bado nataka. Asije mtu kuniambia mimi ni bibi mwenye huruma za bure.

Lakini watu waliletwa kwa lori, na sisi tulikuwa na saa arobaini na nane tu za kumhoji kila mmoja, na kwa ofisi nzima tulikuwa na ndoo moja ya maji na kipande kimoja cha sabuni. Hapo ndipo akili yangu ilipojitokeza. Mtu akiingia tunamtia wino kidole kwa ajili ya fomu ya kuingia, ananawa. Akishahojiwa tunamtia wino tena kwa ajili ya pévé, ananawa tena. Maji yanaisha kabla ya saa nne, na sabuni inatoweka na polisi wa zamu, ambao nyumbani kwao walikuwa wasafi kupita kiasi. Nikafikiri: kwa nini wino mara mbili? Nikaanza kuandaa ukurasa wa mwisho mapema, una ile sentensi tu, amesomewa, amekubali, ametia saini. Mtu akifika, kidole kwenye fomu, na wino huohuo kwenye ukurasa wa mwisho. Tena nachukua kurasa mbili, moja ya kutumia na moja ya akiba, kompyuta ikiharibu tusimsumbue mtu. Akiba naziweka kwenye droo yangu.

Shefu wetu alifurahi. "Mama sekretere, weye uko na kichwa!" Nilitembea kifua mbele wiki nzima. Niliokoa sabuni, wanangu. Hiyo ndiyo siri inayoniaibisha, na sasa mnaweza kuacha kutabasamu.

Mama Masika aliletwa akiwa amekaa juu ya sufuria zake. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, familia yake ilihamia hapa kutoka upande wa Beni, na kazi yake ilikuwa kupika kwenye harusi na matanga. Kama umewahi kula harusini Bunia, huenda umekula mkono wake bila kumjua. Alikuwa na sufuria tano, kubwa za kuogeshea mtoto, na moja ilikuwa na mstari wa rangi ya buluu kwenye mshiko. Ile haikuwahi kutiwa nyama ya nguruwe. Aliitenga kwa ajili ya Waislamu, na popote alipoitwa kupika, Waislamu walitazama buluu, wakala bila kuuliza. Yeye mwenyewe alikuwa Mkristo wa kuimba kwaya.

Alinisimulia yote siku ya kuingia, nikiwa namjazia fomu. Kwenye kambi moja ya dhahabu mbele ya mji wa Komanda, shimo lilikuwa limemwangukia mchimbaji. Wenzake, Wakristo na Waislamu, walichanga wakamwita aje kuwapikia siku nne za matanga. Alipokuwa anarudi, askari wa kizuizi cha barabarani wakaona sufuria tano nyeusi kwa moshi zinatoka upande wa msitu. Wakamuuliza amelisha watu wangapi.

"Nikabaambia, batu mingi, chef," alinieleza. "Sikubahesabu, nilibapakulia."

Nikacheka. Nikatia wino kidole chake, nikakikandamiza kwenye fomu, kisha kwenye kurasa zangu mbili. Akatazama. "Mama sekretere, na hii karatasi mbili iko ya nini?"

"Ya kazi," nikamjibu, nikampa sabuni.

Aliyemhoji alikuwa Inspekta Faustin. Msimchukie mapema. Alikuwa kijana safi, mwenye adabu, na miezi michache nyuma kaka yake, dereva wa lori, alikuwa ameuawa kwenye barabara ileile ya Komanda. Tangu hapo alikuwa halali vizuri. Siku ya kumhoji Mama Masika mimi nilitumwa kupeleka barua mjini, na Faustin akaandika mwenyewe, kwa vidole viwili. Niliporudi alinipa kurasa nizibane. Nikasoma, maana karani asiyesoma anachobana ni bora awe stepla. Kurasa zilisema kwamba Mama Masika anakiri alipikia magaidi kwa hiari yake, mara nyingi, na kwamba sufuria ya buluu ilikuwa ya makamanda wao. Chini yake ulikuwa ukurasa wangu. Amesomewa, amekubali, ametia saini. Na kidole chake, safi, hakikufifia hata kidogo.

Nikamwuliza Faustin, "Ndo vile alisema?"

"Mama, huyu anajua batu ya pori. Akifika kwa jeshi atasema vizuri."

"Ulimusomea?"

Akanitazama kana kwamba nimemuuliza habari za taipureta. "Kidole si iko?"

Nikabana. Ndiyo, nilibana kurasa zile kwa mkono wangu, faili likaondoka. Nilibakiza miezi miwili nistaafu, na nilikuwa nimeshaambiwa mara nyingi kwamba anayewatetea watu wa namna ile huulizwa ametumwa na nani. Nilijisemea hakimu ataona mwenyewe. Niliogopa, basi. Sina neno jingine la kulipamba jambo hilo.

Mama Masika alibaki kwetu akisubiri siku ya kufikishwa kwa hakimu. Wala hakuwa na huzuni. Kila nikipita mbele ya mlango wa chuma alinitania. "Mama sekretere, sufuria zangu ziko aje? Zinakula?" Zilikuwa kwenye kona ya ofisi, zimefungiwa vibandiko vya ushahidi, na ofisi nzima ilikuwa inazitamani.

Jumamosi mchana polisi wa zamu walifanya karamu, mmoja wao alikuwa amepandishwa cheo. Walinunua nguruwe mzima. Sufuria ya kumtosha ilikuwa ipi tena katika jengo lile? Walibandua kibandiko, wakasema watakirudisha. Mimi nilikuwepo, nikajifanya sioni. Harufu ikaenea mpaka ndani kwa wafungwa.

"Mama sekretere!" Ilikuwa sauti ya Mama Masika. Nikaenda. Alikuwa amesimama, ameshika vyuma, anataka kujua wanapikia sufuria ipi. "Biko napikia mu gani?"

Nikatazama nyuma, uani. Mstari wa buluu ulionekana wazi juu ya mawe matatu. "Mu ile ingine," nikamdanganya.

Akatikisa kichwa. "Mama. Weye mwenyewe uko naona."

Akakaa chini, akalia. Hakuwa amelia pale barabarani alipokamatwa, hakuwa amelia aliposikia habari za hakimu wa jeshi. "Myaka kumi na mbili, hakuna mutu alikuyaka kuangalia kama naichunga. Balikuwa bananiamini tu. Sasa nitabaambia nini?"

Nilirudi mezani nikakaa. Pua yangu ilikuwa imejaa harufu ya nguruwe. Mwanamke aliyekuwa anaweza kuhukumiwa kifo alikuwa analilia sufuria, kwa sababu watu walimwamini nayo. Mimi serikali ilikuwa imenipa maneno ya watu niyachunge, na nilikuwa nimeyauza kwa kipande cha sabuni. Nikafungua droo. Ukurasa wake wa akiba ulikuwa juu ya rundo.

Jumatatu nilikwenda ofisini kwa hakimu wa jeshi bila kuitwa. Nilivaa kitenge changu cha kanisani ili nisitimuliwe mlangoni. Hakimu alikuwa meja, bado kijana, mwenye kalamu tatu mfukoni. Mama Masika alikuwa amesimama mbele yake, Faustin pembeni. Nikaruhusiwa kukaa nyuma, wakidhani nimeleta nyaraka.

Meja alimsomea maneno ya Faustin, kwa Kiswahili, polepole. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mama huyo kuyasikia.

"Hapana, chef," Mama Masika akasema. "Mi sikusemaka vile hata kidogo."

"Hii kidole ni ya nani?"

Akasogea, akaitazama. "Iko yangu."

"Ni yako, na imeandikwa umesomewa. Sasa tumwamini nani, Mama, wewe au kidole chako?"

Akakitazama kidole chake. Nikasimama. Mkoba ulikataa kufunguka, ule mkoba unaofunguka wenyewe nikiwa sokoni. Nikamwekea meja ukurasa wa akiba juu ya meza, kando ya ule mwingine. Sentensi ileile, kidole kilekile. Juu ya sentensi hiyo hakuna neno lolote.

Meja akautazama, akaugeuza nyuma, akaugeuza tena. "Nani alichukua kidole hiki?"

"Mimi, Meja."

"Kabla ya kuhojiwa?"

"Siku ya kuingia. Hakuwa amesema neno."

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu, ya Kifaransa, yenye neno organisation. Ikatoka sentensi moja tu. "Sabuni ilikuwa haba."

Faustin akainamisha kichwa. Meja hakucheka, na nilimshukuru kwa hilo. Aliagiza Mama Masika ahojiwe upya palepale, nikaandika mimi, akasomewa mpaka mwisho, na kidole kikawekwa mwisho. Kisha akatuma watu kwenye kambi ya dhahabu. Wakaja wachimbaji wawili, mmoja Mkristo, mwingine Mwislamu mwenye ndevu, ambaye kwa kweli alihitaji moyo kupita vizuizi vyote na ndevu zile. Wakaeleza nani alikufa, nani alikula, na nini. Mama Masika akaachiliwa siku ya tatu. Sufuria zake alirudishiwa nne. Ile ya buluu aliiacha uani kwetu, akasema haimtambui tena.

Mimi nilipewa barua ya onyo, na karatasi za kustaafu zikakaa mahali pasipojulikana kwa muda mrefu. Sikulalamika sana. Meja alichukua droo yangu nzima. Rundo lilikuwa nene kuliko nilivyokumbuka. Baadhi ya mafaili yalifunguliwa upya. Mengine yalikuwa yameshakwenda mbali pamoja na wenyewe. Kulikuwa na kijana mmoja, mbeba samaki wa Kasenyi, namkumbuka kwa kuwa kidole chake kilinuka samaki na nikamtania. Nimeuliza habari zake kila mahali. Sijui aliko. Nikiwa peke yangu namwomba msamaha kwa sauti, na mpwa wangu anadhani nazeeka vibaya.

Faustin alinijia wiki zile. Nilidhani amekuja kunitukana. Alikaa hapo ulipokaa wewe mwenye daftari jekundu. "Mama," akasema, "siku mbili nilikuwa naandika huyu mupishi. Benye baliua kaka yangu, ile siku mbili yote balikuwa natembea tu, hakuna mutu anabatafuta." Nikampa chai. Leo Faustin anawasomea watu pévé kwa sauti mpaka wanamwomba aache. Ameanza hata kuvaa miwani, na nina mashaka kama anaihitaji.

Mkiniuliza, basi, tufanye nini na sheria hizi kali wakati watu wanauawa kweli, sina hotuba. Nimeshawaambia nilichonacho. Mwacheni mtu aseme, mwandikie alichosema yeye, msomee, ngoja kidogo, ndipo uchukue kidole. Inakula asubuhi nzima. Mtachekwa.

Siku nilipoagwa kazini, nilifanya sherehe ndogo hapa nyumbani, na nani mwingine angepika? Mama Masika alikuja na sufuria mpya, mstari wa buluu bado unanuka rangi. Watu walipokwisha kula alikuja mbele yangu na kibweta cha wino na karatasi nyeupe tupu. Sijui wino aliupata wapi. Akatangaza kwa sauti kwamba ana zawadi kwa mama sekretere. Akakishika kidole changu gumba, akakitia wino.

"Tia hapa, mama. Maneno nitaandika kiisha."

Watu wakapasuka kwa kicheko, na mimi nikacheka nao. Nikapeleka kidole kwenye karatasi. Kikafika karibu, kikasimama. Nikajilazimisha, kikakataa. Nilijua ni utani, nilijua mwanamke yule hawezi kunidhuru, na bado kidole hakikushuka. Kicheko kikapungua, kikaisha.

"Siwezi," nikamwambia.

Mama Masika alikuwa bado ameshika mkono wangu. Alisema polepole, mimi tu nisikie, bila hasira yoyote, "Miye sikukuwa na njia ya kukatala."

Akakunja karatasi yake, akaniletea beseni la maji na kipande kizima cha sabuni, kipya, akaenda kupakulia waliochelewa. Maji yale sikuyagusa. Wino ulikaa kidoleni mwangu siku tano.